Takwimu za Tovuti Zinavyoweza Kumpotosha Mmiliki: Funzo Kutoka Bonde la Kilombero

Na Mwandishi Wetu, Ifakara

Pembeni au chini ya kurasa za tovuti nyingi za halmashauri nchini kuna sehemu ndogo yenye tarakimu zinazoongezeka kila uchao, na juu yake maneno "Idadi ya Wasomaji". Tarakimu hizo ni rahisi kunakiliwa katika taarifa ya robo mwaka na zinapendeza kusomwa kikaoni. Swali lisiloulizwa mara nyingi ni moja: zimehesabu nini?

Kwa mji kama Ifakara, swali hilo si la wataalamu wa kompyuta peke yao. Huu ndio mji unaotegemewa kwa huduma nyingi na wakazi waliotawanyika kuanzia Kidatu na Mang'ula, chini ya Milima ya Udzungwa, hadi Mlimba kwenye njia ya reli ya TAZARA, na ng'ambo ya Mto Kilombero kuelekea Ulanga na Malinyi. Tangazo la mikopo ya asilimia 10 kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu lina tarehe ya mwisho. Tahadhari ya mafuriko huisha thamani yake ndani ya saa chache. Afisa anayeona kuwa ukurasa umefunguliwa mara 5,000 anaweza kuamini kwamba umma umekwisha kuarifiwa, na asione haja ya kupeleka nakala kwenye ubao wa matangazo wa kata. Ikiwa mara hizo 5,000 hazikuwa watu, au zilikuwa za watu wasiokaa katika bonde hili, kikundi cha akina mama wa Kiberege kitasikia habari ya mkopo dirisha likiwa limekwisha kufungwa.

Mwaka 2017 Serikali ilizindua tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185 zilizojengwa kwa muundo unaofanana, kazi iliyoihusisha Ofisi ya Rais – TAMISEMI, iliyokuwa Wakala ya Serikali Mtandao na mradi wa PS3 uliofadhiliwa na Watu wa Marekani kupitia USAID. Hatua hiyo ilikuja wakati mwafaka, kwa kuwa mwaka mmoja kabla Bunge lilikuwa limetunga Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Maafisa habari wa halmashauri walipata mahali pa kuweka habari, zabuni na matangazo bila kumsubiri mtaalamu kutoka makao makuu. Tangu hapo kazi ya kuandika na kupandisha habari imekua sana. Kazi ya kusoma takwimu za waliozisoma haijakua kwa kiwango hicho.

Ni vyema kueleza namna hesabu hiyo inavyopatikana. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, haimwoni msomaji. Inachopokea ni maombi: naomba maandishi haya, naomba picha ile, naomba nembo ya Taifa iliyo juu ya ukurasa. Habari moja ya ziara ya Mkuu wa Wilaya yenye picha 20 huzaa maombi zaidi ya 20 kutoka kwa mtu mmoja aliyeifungua mara moja. Katika miaka ya mwanzo ya intaneti, duniani kote, wamiliki wa tovuti walitangaza idadi ya maombi hayo wakiita wageni, na wapo wanaofanya hivyo hadi leo.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuhesabu kurasa zilizofunguliwa, kisha ziara, kisha watumiaji. Vipimo hivi vitatu hutofautiana sana, na kuvichanganya ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Google Analytics, programu iliyoanza kutolewa mwaka 2005 na ambayo sasa hutumiwa na tovuti nyingi, kwa kawaida huihesabu ziara kuwa imekwisha msomaji akikaa kimya kwa dakika 30. Mtu akifungua tangazo la viwanja saa mbili asubuhi, akaenda sokoni, kisha akalirudia saa sita mchana ili anakili namba ya simu, hizo ni ziara mbili. Akilifungua tena jioni kwenye kompyuta ya ofisini kwa jirani, programu itaona mtumiaji mpya kabisa.

Kisanduku cha jumla kina udhaifu wa ziada. Hesabu inayojumlishwa tangu siku tovuti ilipozinduliwa ni kama mita ya kilomita katika gari: inapanda tu. Tarakimu isiyoweza kushuka haiwezi kumweleza mtu yeyote kama mwezi huu umekuwa bora kuliko uliopita, hata kama wasomaji wote wameikimbia tovuti isipokuwa wawili.

Kisha kuna wageni wasio binadamu. Roboti za mitambo ya utafutaji kama Google na Bing hupita kila ukurasa ili kuorodhesha maudhui yake. Zipo zinazokusanya maandishi kwa ajili ya kufundishia programu za akili unde, na zipo za wahalifu zinazobisha milango yote ya tovuti zikitafuta uliosahauliwa wazi. Kaunta ya kawaida huhesabu kila anayeomba. Programu bora zaidi huziondoa roboti zinazojulikana, lakini roboti inayojifanya binadamu hupita. Watumishi wa halmashauri wenyewe nao wamo katika hesabu. Kama kompyuta za ofisi zimewekwa zifungue tovuti hiyo kila zinapowashwa, sehemu ya umma unaoshangiliwa katika taarifa ya robo mwaka imekaa katika jengo hilo hilo.

Tatizo la kutofautisha tukio na mtu si geni Ifakara. Limewahi kushughulikiwa hapa kwa uangalifu mkubwa, tena kabla tovuti hazijawa jambo la kawaida nchini, na watu waliokuwa wakihesabu kitu kizito zaidi.

Kituo cha utafiti kilichoanza miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, kilianzisha mwaka 1996 mfumo wa kufuatilia afya na idadi ya watu katika vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga. Baada ya sensa ya mwanzo, wadadisi walizirudia kaya zote kila baada ya miezi minne, wakiandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Kila mtu alipewa namba yake ya kudumu. Aliyehama kutoka kaya moja kwenda nyingine ndani ya eneo hilo alipaswa kufuatwa kwa namba yake ileile, asije akahesabiwa kuwa mtu mpya. Palikuwa na kanuni ya kumtenga mkazi na mgeni apitaye.

Ugumu wa kazi hiyo unaeleweka vizuri na anayelijua bonde. Familia nyingi za wakulima wa mpunga zina makazi mawili: nyumba ya kijijini, na dungu au kibanda cha shambani katika uwanda wa mafuriko, ambako hukaa kwa majuma au miezi wakati wa kulima, kuwinga ndege na kuvuna. Mdadisi akifika kijijini msimu wa kilimo na kukuta mlango umefungwa, akiandika kwamba kaya imehama atakuwa amepotoka. Akiikuta familia ileile shambani na kuiandikisha upya, atakuwa ameongeza watu wasiokuwapo.

Mwenye tovuti anakabiliwa na fumbo la namna hiyo, isipokuwa yeye hana mdadisi wa kubisha hodi. Namba yake ya kudumu ni kidakuzi, alama ndogo ambayo tovuti huiacha katika kivinjari cha msomaji ili imtambue akirudi. Alama hiyo haimfuati mtu. Inakifuata kifaa, tena kivinjari kimoja ndani ya kifaa. Mwenye simu mbili ana makazi mawili. Anayefuta kumbukumbu za kivinjari chake ili apate nafasi ya picha amehama na kuhamia upya siku hiyohiyo. Kinyume chake, simu janja moja inayozungushwa kwa watu watano chini ya mwembe inaonekana kuwa mtu mmoja. Nchini jambo hili lina kipimo chake kinachojulikana: Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu Watanzania 61,741,120, watoto wachanga wakiwamo, ilhali kufikia mwisho wa mwaka 2023 laini za simu zilizosajiliwa zilikuwa zimepita milioni 70.

Mahali alipo msomaji pia ni kisio. Programu za takwimu hutumia anwani ya IP, na kwa watumiaji wa simu anwani hiyo ni ya mtandao wa kampuni ya simu. Kwa sababu anwani za aina ya zamani ni chache, wateja wengi hupitishwa nyuma ya anwani moja, na hifadhidata za kukisia mahali huweza kuwaweka wote Dar es Salaam. Hivyo mkulima wa Lumemo aliyesoma tahadhari ya mafuriko anaweza kuingia kwenye ramani kama mkazi wa Dar es Salaam, na ramani ya wasomaji ikaonesha kwamba Ifakara hakuna anayesoma. Kivinjari cha Opera Mini, kinachopendwa kwa kubana matumizi ya bando, kinaweza kuongeza mkanganyiko kwa kuwa hupitisha kurasa kwenye seva zake kabla hazijafika kwenye simu. Bendera za nchi mbalimbali zinazopangwa chini ya tovuti kama ushahidi wa kusomwa duniani zinastahili kutazamwa kwa jicho hilo.

Wenye biashara hulipa kosa hili kwa fedha taslimu. Chukulia mwenye nyumba ya wageni huko Mang'ula, karibu na lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, aliyetengenezewa tovuti ili awavute watalii wanaokwenda kuyaona maporomoko ya Sanje. Takwimu zinamwonesha wageni wengi kutoka Ashburn, katika jimbo la Virginia, Marekani. Anafurahi, pengine anaanza kulipia matangazo yanayoelekezwa huko. Ashburn ni mji mdogo wenye mojawapo ya mikusanyiko mikubwa kabisa ya vituo vya data duniani. Wengi wa wageni wanaojitokeza kutoka hapo ni mashine. Ishara ya kumtambua mtalii halisi ni nyingine: amefungua ukurasa wa bei, akaendelea hadi ramani ya njia, akabofya namba ya simu. Watu 40 wa namna hiyo kwa mwezi ni biashara. Maelfu wanaofungua ukurasa wa mbele na kuondoka ndani ya sekunde moja hawalazi hata chumba kimoja.

Mpaka hapa kosa limekuwa la kuzidisha. Lipo pia la kupunguza, nalo kwa taasisi za umma pengine ni kubwa zaidi, ingawa halizungumzwi.

Matangazo mengi ya Serikali hutolewa kama mafaili ya PDF, na mengi ya hayo ni karatasi iliyosainiwa, ikapigwa muhuri na kupitishwa kwenye skana. Programu za takwimu kama Google Analytics hufanya kazi kwa kipande cha msimbo kilichowekwa ndani ya ukurasa. Msomaji anayelifikia faili moja kwa moja kutoka kwenye matokeo ya utafutaji hakupita kwenye ukurasa huo, kwa hiyo hakuhesabiwa. Anaonekana tu katika kumbukumbu za seva, ambazo ni wachache wanaozifungua. Tena karatasi iliyopigwa skana ni picha. Maneno yake si rahisi kutafutwa. Huduma ya Google ya Search Console, isiyo na malipo, humwonesha mmiliki maneno ambayo watu waliyaandika walipokuwa wakitafuta. Mwananchi huandika "mikopo ya vijana Ifakara". Halmashauri imeweka ukurasa wenye kichwa "TANGAZO KWA UMMA" na chini yake picha ya barua. Wawili hao hawatakutana, na takwimu zitasema kwamba wananchi hawana mwamko.

Halafu ipo WhatsApp. Mtendaji wa kata hulipakua tangazo mara moja na kulituma kwenye kundi la wenyeviti wa vitongoji na mitaa, nao hulituma mbele. Tovuti imehesabu mtu mmoja, tangazo limesomwa na mamia. Hata pale kiungo chenyewe kinapotumwa, wanaokibofya ndani ya WhatsApp mara nyingi huandikwa kuwa wamekuja "moja kwa moja", kana kwamba walikariri anwani. Dawa yake ni nyepesi: kiungo kiongezewe alama mwishoni, alama moja kwa ajili ya makundi ya WhatsApp, nyingine kwa ukurasa wa Facebook wa halmashauri, na anwani fupi ya peke yake ya kusomwa hewani katika redio ya kijamii kama Pambazuko FM. Wiki moja baadaye afisa habari atajua ni njia ipi iliyoleta watu, na ipi inayotumiwa kwa mazoea tu.

Kupanda na kushuka kwa takwimu nako kunahitaji kalenda pembeni. Majina ya wanafunzi waliochaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza yanapotoka, au orodha ya walioitwa kwenye usaili inapobandikwa, tovuti hufurika watu kutoka mikoa yote, kisha hutulia. Mwezi unaofuata utaonekana mbaya bila kosa la mtu. Mei 12, 2024, hitilafu katika nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom ilidhoofisha intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Anayeitazama grafu ya siku zile bila kukumbuka tukio hilo anaweza kulaumu habari zilizoandikwa wiki ile. Wiki chache kabla, mvua za masika zilikuwa zimeleta mafuriko katika bonde la Kilombero na chini hadi Rufiji. Katika nyakati kama hizo wanaohitaji taarifa zaidi ndio ambao umeme umekatika na simu imezimika. Ukimya wao kwenye takwimu haumaanishi kwamba hawakuitaka taarifa hiyo.

Bonde hili lina mfano wa kile kinachoweza kujulikana hesabu inapopangwa vyema. Kuanzia mwaka 1997 vyandarua na dawa ya kuvitia viliuzwa Kilombero na Ulanga chini ya jina la Zuia Mbu, katika mradi wa kupambana na malaria. Ingekuwa rahisi mradi huo kujipima kwa idadi ya vyandarua vilivyouzwa, kwa maana tarakimu hiyo ilikuwapo dukani na ilikuwa inapanda. Watafiti walikwenda mbali zaidi. Kwa kuwa mfumo wa kufuatilia kaya uliwajua watoto mmoja mmoja, waliweza kuuliza nani alilala ndani ya chandarua chenye dawa na nani alinusurika. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2001 yalihusisha vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wenye umri wa mwezi 1 hadi miaka 4. Hesabu ya mauzo pekee isingeweza kulisema hilo kamwe.

Ukurasa uliofunguliwa ni chandarua kilichouzwa. Ni hatua ya lazima, lakini haijaeleza kama kimetundikwa.

Ipo hoja kwamba, ili kujua zaidi, mwenye tovuti akusanye zaidi kuhusu wasomaji wake. Hapa sheria imeweka mpaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali na mahususi, naye aelezwe. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Tovuti inayofuatilia vifaa vya wasomaji, hasa ikitumia programu inayopeleka taarifa hizo kwenye seva za nje ya nchi, inagusa maeneo ambayo sheria hiyo inayasimamia. Kwa mji wenye Hospitali ya Mtakatifu Francis na taasisi kubwa ya utafiti wa afya, jambo hili si la nadharia: rekodi kwamba simu fulani ilisoma mara tatu ukurasa wa huduma za VVU ni siri ya mtu. Zipo programu kama Matomo zinazoweza kuwekwa kwenye seva ya mmiliki mwenyewe na kurekebishwa zifiche sehemu ya anwani ya msomaji. Takwimu zitapungua undani kidogo. Kwa maswali ambayo halmashauri inapaswa kuuliza, upungufu huo hauna madhara.

Maswali yenyewe ni machache. Kwa tangazo la mikopo, mathalani, afisa habari wa Ifakara hahitaji kujua idadi ya wasomaji tangu mwaka 2017 wala bendera za nchi walikotoka. Anahitaji tarakimu tatu za kipindi kimoja: watu walioufungua ukurasa wa tangazo, roboti na kompyuta za ofisi zikiwa zimeondolewa, fomu zilizopakuliwa, kama zilivyo katika kumbukumbu za seva, na maombi ambayo Idara ya Maendeleo ya Jamii imeyapokea kutoka kila kata. Fomu zikipakuliwa nyingi na maombi yakawa machache, tatizo liko kwenye fomu au masharti yake. Ukurasa ukifunguliwa na watu wachache huku maombi yakiwa mengi, habari imepita WhatsApp na ofisi za kata, na tovuti imebaki kuwa ghala. Kata ikikosa maombi kabisa, gari la matangazo lipelekwe huko kabla ya tarehe ya mwisho.